Uje na kamera Kanada majira gani? Ziwa la buluu, majani ya dhahabu au barafu

Jamaa wa nyumbani akinipigia kuniuliza aje Kanada lini na kamera yake, namjibu kwa swali: wewe ni mtu wa kuamka saa ngapi? Anacheka, anadhani namtania. Kwetu swali hilo halina uzito. Mombasa au Dar es Salaam jua hutoka saa kumi na mbili au hapohapo, huzama saa kumi na mbili au hapohapo, Januari kama Julai, na saa yenyewe ya Kiswahili imejengwa juu ya uaminifu huo. Sasa njoo Banff, mji wa Milima ya Rocky katika jimbo la Alberta. Juni jua linachomoza saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuzama karibu saa nne usiku. Desemba linachomoza saa tatu kasoro robo asubuhi, na saa kumi na dakika arobaini limeshaondoka.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha rangi, linganisha jua. Karibu na ikweta jua hupanda wima. Ule mwanga wa dhahabu tunaoukimbilia unadumu dakika 24 hivi mpaka jua lifike nyuzi sita juu ya upeo, kisha mchana mkali unaanza. Banff iko nyuzi 51 kaskazini. Katikati ya Desemba jua hupanda kwa ubavu kama mzee anayepanda ngazi, linachukua karibu saa nzima kufika kimo kilekile, na hata adhuhuri halizidi nyuzi 15. Juni, adhuhuri, liko nyuzi 62. Ni jua moja, lakini kwa mpiga picha ni taa mbili tofauti.

Neno dogo kuhusu majina. Vitabu vya shule huyaita majira ya majani kuanguka "vuli", nami sijawahi kukubali. Vuli yetu ni mvua, ni kupanda, ni nchi kurudi kijani. Ya huku ni miti kuvua nguo. Nitayaita mapukutiko.

Majira ya joto

Kinachowaleta watu Julai ni maji. Maziwa ya Milima ya Rocky, hasa Moraine, Louise na Peyto, yana buluu ambayo ukiiona pichani unadhani imepakwa kwenye kompyuta. Haikupakwa. Mito ya barafu huko juu husaga mwamba ukawa unga laini kuliko sembe, maji yanayoyeyuka yanaushusha ziwani, na unga huo unaelea majini ukirudisha mwanga wa buluu na kijani. Ndiyo sababu rangi hukolea Julai na Agosti, barafu inapoyeyuka kwa wingi, na anayewahi mwanzoni mwa Juni anaweza kukuta Moraine lina mabonge ya barafu na maji hayajajaa.

Maziwa haya yanakwenda kinyume na somo la kwanza la kupiga picha za mandhari. Saa sita mchana, wakati wapiga picha wenye adabu wamelala, ndipo yanapokuwa buluu kuliko wakati wowote, kwa sababu jua la juu linapenya moja kwa moja hadi kwenye ule unga. Funga kichujio cha polaraizi mbele ya lenzi, kizungushe taratibu, mng'aro wa juu ya maji utaondoka na rangi itabaki. Wanaopata hasara saa hiyo ni milima: jua la utosini linaibandika bapa, bila kivuli cha kuonyesha mikunjo yake. Majira ya joto yanakulazimisha uchague ziwa au mlima. Anayetaka vyote viwili aamke saa tisa usiku, afike kabla jua halijagusa vilele, apate mwamba wa rangi ya waridi juu ya maji yaliyo bado kivulini.

Na kufika kwenyewe si kazi ndogo. Tangu 2023 magari binafsi hayaruhusiwi kabisa kwenye barabara ya Moraine. Unapanda basi la Parks Canada, idara ya serikali inayosimamia hifadhi za taifa, au la kampuni yenye kibali. Nafasi zinawekwa mtandaoni. Sehemu yake hufunguliwa miezi mingi kabla, nyingine siku mbili kabla ya safari, saa mbili asubuhi kwa saa za Alberta, nazo zinakwisha kama tiketi za basi za kwenda Moshi wiki ya Krismasi. Ukifika, utakuta watu wamejipanga juu ya rundo la mawe wakipiga picha ileile. Huenda wewe mwenyewe uliiona zamani bila kujua: ilikuwa nyuma ya noti ya dola 20 ya Kanada, toleo la 1969 na la 1979.

Lakini msongamano unavumilika. Moshi hauvumiliki. Mwaka 2023 eneo la misitu lililoungua Kanada nzima lilizidi hekta milioni 15, na Julai 2024 moto uliingia mjini Jasper, katika milima hiyohiyo, na kuteketeza karibu theluthi moja ya majengo. Siku ya moshi mzito, mlima ulio kilomita tatu mbele yako haupo, na hakuna kichujio wala programu ya kuurudisha. Ukija Agosti unacheza bahati nasibu, hata kama miaka mingine watu wanashinda.

Mapukutiko: dhahabu ya Alberta au wekundu wa Ontario

Uamuzi mgumu uko hapa, maana hizi ni safari mbili zinazoangukia karibu wiki zilezile, na kati yake kuna saa nne hivi za ndege.

Alberta mwenye shughuli ni mlachi. Ni mti wa ukoo wa misonobari wenye tabia isiyo ya ukoo wake: sindano zake hugeuka njano na kupukutika kila mwaka. Aina inayosakwa na wapiga picha, mlachi wa Lyall, huota juu kabisa, karibu na pale miti inapokoma na mwamba kuanza. Dhahabu yake hukolea siku kumi za mwisho za Septemba, zidisha au punguza chache, kisha upepo mmoja wenye hasira unaweza kuipakua yote usiku mmoja. Bonde mashuhuri ni Larch Valley, juu ya ziwa Moraine. Unapanda kwa miguu zaidi ya saa moja, na kimo kinakukata pumzi kama hujazoea. Wakati mwingine Parks Canada hutoa amri kwamba njia ile ipitwe na kundi la watu wanne au zaidi, kwa ajili ya dubu. Mpenda upweke atajikuta kituo cha basi anasaka wenzake kama mtu anayetafuta wa nne wa kucheza karata.

Faida ya wiki hiyo ni kwamba vitu vinakutana. Ziwa bado lina buluu yake. Barabara ya Moraine bado iko wazi, kwa kawaida hadi wiki ya pili ya Oktoba. Vilele mara nyingi vimeshapakwa theluji ya kwanza. Na jua linachomoza saa moja na nusu asubuhi, linazama saa moja na nusu jioni: ni siku chache za mwaka ambapo mchana wa Alberta na mchana wa Mombasa una urefu mmoja. Mwili wa mgeni unapumzika. Mimi niliyezoea huku bado nasikia nafuu.

Adui ni wingu. Ukinunua tiketi ya milima, unanunua vilele, na wingu zito likishuka unabaki na vigogo vya miti na koti lililolowa. Byron Harmon, mpiga picha wa Banff aliyekuwa mpiga picha rasmi wa Alpine Club of Canada, chama cha wapanda milima, tangu kilipoanzishwa 1906, mwaka 1924 alikaa njiani siku 70 hivi na farasi wa mizigo akizunguka upande wa Columbia Icefield, uwanda mkubwa wa barafu, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kusubiri hewa ifunguke. Wewe una likizo ya wiki mbili.

Sasa Ontario. Hifadhi ya Algonquin, iliyoanzishwa 1893, iko mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka Toronto. Haina kilele hata kimoja cha kujivunia. Ni vilima, maziwa yasiyohesabika na miti ya meipo, ule ambao jani lake liko kwenye bendera. Jani la meipo sukari likigeuka, linageuka jekundu na rangi ya chungwa kwa namna ambayo milima ya Alberta haina kabisa. Wekundu huo una kisa chake. Rangi ya njano imo ndani ya jani muda wote, imefunikwa tu na kijani. Kijani kikivunjika inajitokeza. Nyekundu hutengenezwa palepale, jani linapokaribia kuanguka, kutokana na sukari iliyonaswa ndani yake, na hukolea mchana ukiwa wa jua na usiku ukiwa wa ubaridi usiofikia jalidi kali. Ndiyo maana mwaka mmoja Algonquin inawaka na mwaka unaofuata imefifia, kwenye kilima kilekile. Kilele cha rangi huwa kati ya wiki ya mwisho ya Septemba na wiki ya kwanza ya Oktoba. Baadaye miti iitwayo miaspeni huchukua njano, na milachi ya kule, ambayo ni aina ya mabondeni penye majimaji, hufunga msimu katikati ya Oktoba.

Algonquin husamehe hali mbaya ya hewa, na watu wengi hawalipimi hilo wanapochagua. Siku ya wingu na manyunyu, ambayo Alberta ingekuwa hasara tupu, Ontario ndiyo siku ya kazi: mwanga ni laini, hakuna vivuli vya kukatakata msitu, majani yamelowa, na kichujio cha polaraizi kikiondoa ule mng'aro wa maji, rangi inatoka ndani ya jani kama kitenge kipya. Alfajiri maji ya ziwa yana joto kuliko hewa, ukungu unasimama, na mtumbwi mmoja ukipita mbele yake umepata picha bila kupanda mlima wowote.

Ila ujue kutunga picha kwake ni tofauti. Mlimani jicho linatafuta kilele na kukiweka mahali pake. Algonquin hakuna kitu kimoja kinachoamrisha, ukipiga upana wote unapata zulia la rangi lisilo na pa kushika. Mchoraji Tom Thomson, aliyepiga kambi huko msimu baada ya msimu hadi alipofariki kwenye Canoe Lake mwaka 1917, aliliona hilo: mara nyingi alisimamisha mti mmoja uliopindwa na upepo mbele, maji katikati, kilima nyuma, basi. Wenzake waliounda Kundi la Saba mwaka 1920 waliendelea na jicho hilohilo. Anayetaka kujifunza kupiga Algonquin apite kwanza jumba la sanaa pale Toronto, aangalie wachoraji waliacha nini nje ya fremu.

Wikiendi za rangi, barabara kuu namba 60 inayokatiza hifadhi hujaa magari kutoka Toronto, na kibali cha siku cha gari yafaa ukikate mapema. Nenda Jumanne.

Mtu akinitaka nitaje moja kwa anayetoka Afrika Mashariki na ana safari moja tu, nasema Alberta, Septemba mwishoni. Wekundu wa majani ni kitu kikubwa, lakini mwamba, barafu, maji ya buluu na miti ya dhahabu katika fremu moja hutavikuta tena ukirudi nyumbani. Nabadilisha jibu kwa mtu wa aina mbili: anayesafiri na wazazi au watoto wasioweza kupanda, na anayeishi tayari Toronto au Ottawa. Huyo wa pili asipande ndege kufuata dhahabu huku wekundu uko mlangoni pake.

Theluji

Watu huyakwepa majira haya kwa kuogopa baridi, nami siwalaumu. Alberta kipimo kinaweza kushuka chini ya nyuzi 30 hasi, na zipo siku za 40 hasi. Lakini kwa mwanga tu, hakuna majira yanayoyashinda. Jua likiwa halizidi nyuzi 15 adhuhuri, vivuli ni virefu kutwa nzima na kila mkunjo wa mlima unaonekana. Na Desemba mpiga picha analala usingizi wake wote, anakunywa chai, na bado anawahi macheo. Vermilion Lakes, kando ya mji wa Banff, zina sehemu ambapo chemchemi za uvuguvugu huzuia maji yasigande, na hapo mlima Rundle, wenye mita 2,948, hujitazama majini hata Januari.

Kamera haijui theluji ni nyeupe. Kipima mwanga chake kinadhani kila kitu duniani ni kijivu cha wastani. Kikiona weupe mwingi kinaupunguza, nawe unarudi na theluji ya rangi ya majivu. Ongeza mwanga kwa stopu moja hadi mbili (kila stopu ni mwanga mara mbili), uangalie usiunguze weupe wenyewe. Betri huishiwa nguvu mapema mno, kwa hiyo ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, na simu pia, maana huzima ghafla ikionyesha bado ina nusu ya chaji. Tripodi ya alumini ishike kwa glavu.

Kosa langu la mwaka wa kwanza nilieleze, maana kila mgeni hulifanya. Nilitoka nje kwenye nyuzi 25 hasi nikaingia na kamera mkononi kwenye nyumba yenye moto wa kuni. Baada ya dakika moja lenzi ilikuwa nyeupe kama kioo cha bafuni, nje na ndani, na jioni ile yenye anga la zambarau nilikaa naifuta kwa shati. Kumbe unaifunga kamera ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa ukiwa bado nje, unaingia nayo, unaiacha ipate joto taratibu. Unyevu unashika mfuko badala ya lenzi.

Kivutio cha pekee cha majira haya ni Abraham Lake, mashariki ya Hifadhi ya Banff. Ni ziwa la kutengenezwa, lililozaliwa 1972 baada ya bwawa la Bighorn kuuzuia mto North Saskatchewan. Mimea inayooza chini hutoa gesi ya methani. Mapovu yakipanda yanagandia njiani, safu juu ya safu, kama visahani vyeupe vilivyopangwa ndani ya kioo. Upepo wa bonde lile, usio na huruma, unafagia theluji na kuliacha barafu wazi. Januari na Februari ndiyo miezi yake. Tatizo ni kwamba, likiwa bwawa la umeme, maji hupungua chini ya barafu na kuacha uwazi, barafu inakatika bila taarifa. Usitembee juu yake peke yako na usiende bila mtu anayelijua, mwenye vyuma vya kufunga chini ya viatu.

Barabara ya Icefields, kilomita 230 hivi kati ya Lake Louise na Jasper, wakati wa theluji haina kituo cha mafuta kilicho wazi katikati, mtandao wa simu haupo sehemu kubwa, na sheria inadai matairi ya theluji. Mtu aliyejifunza kuendesha Morogoro asiyajaribu hayo wiki ya kwanza. Namaanisha mimi.

Wanaotaka mianga ya kaskazini, ile ya kijani inayocheza angani usiku, hiyo ni safari yake yenyewe. Mara chache huonekana hadi Banff, lakini mahali pa kuifuata ni Yellowknife, mji wa mbali kaskazini, ambako usiku wa theluji ni mrefu na anga mara nyingi liko wazi.

Na miezi ya kuchipua?

Aprili na Mei ni za mtu aliyekosa likizo wakati mwingine. Maziwa ya juu bado yamefungwa na barafu chafu, mabonde ni kahawia, njia ni tope, theluji ya milimani huporomoka. Zuri lake ni maporomoko ya maji mwishoni mwa Mei, bei nafuu za vyumba, na dubu waliotoka mapangoni wakila majani kando ya barabara. Kaa mita 100 kutoka kwao, ndiyo kanuni ya hifadhi, na utumie lenzi ndefu. Droni iache nyumbani majira yote: ndani ya hifadhi za taifa hairuhusiwi bila kibali.

Mwaka jana binamu yangu wa Tanga alikuja na wiki mbili kamili, na aligoma kuchagua kati ya dhahabu na wekundu. Tukahesabu kalenda tukaona si lazima achague. Alitua Calgary tarehe 19 Septemba, akakaa siku tisa milimani ili wingu likiziba siku nne bado abaki na tano, kisha akaruka Toronto na kufika Algonquin usiku wa tarehe 29. Lenzi mbili, kichujio kimoja, betri tatu, koti la mvua. Soksi za sufu alikataa kununua mpaka asubuhi ya pili.